Shajara ya mradi: Kukokotoa gharama ya kuajiri zimamoto badala ya wajitoleaji, kata ya mlimani, Moshi

15 Januari 2024: Swali na mipaka yake

Kikao cha kata kimeuliza: wajitoleaji 22 wa kikosi cha zimamoto wakipumzishwa na nafasi zao zikashikwa na watu wa mshahara, zitahitajika shilingi ngapi kwa mwaka? Hesabu inaandikwa hapa hatua kwa hatua, pamoja na makosa yake, ili kata nyingine za Moshi, Siha, Rombo au Arumeru zichukue jedwali na kubadilisha namba tu.

Mipaka kwanza. Hesabu hii haigusi Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo lina sheria yake (Na. 14 ya mwaka 2007) na linalipwa na Serikali. Simu 114 inaendelea kupigwa kwa kila moto. Kikosi cha kata ni mkono wa kwanza mpaka gari la Jeshi lipande kutoka mjini, na masika yakikolea barabara ya udongo huongeza dakika nyingi. Mwajiri katika hesabu hii ni kikundi chenyewe, kwa hiyo kanuni za saa, likizo na ziada ya muda ni za Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004.

Vifaa vilivyopo: gari moja la pampu lenye tangi la lita 3,000, pampu moja ya kubebeka, seti 10 za mavazi ya moto, mitungi minne ya hewa. Kaya za kata zilizotumika kugawanya gharama ni 3,100.

29 Januari 2024: Makisio mawili ya kwanza, yote yametupwa

Makisio ya kwanza: gari linabeba watu wanne, siku ina zamu tatu za saa 8, kwa hiyo watu 12. Mshahara 400,000 kwa mwezi. 12 × 400,000 × 12 = 57,600,000 kwa mwaka.

Makisio ya pili yalikuja upande wa pili kabisa. Daftari la matukio la mwaka uliopita lina jumla ya saa 940 za watu kwenye matukio. Saa moja ya mshahara wa wastani ni kama 2,336. Zidisha: chini kidogo ya milioni 2.2. Kwa hesabu hiyo kata ingewalipa wajitoleaji wote kwa mchango wa harusi moja.

Namba ya pili ndiyo hatari zaidi, kwa sababu inaonekana imetoka kwenye daftari. Inapima saa za kuzima moto. Mjitoleaji anachotoa hasa ni utayari: saa 8,760 za mwaka ambazo mtu yupo kihambani kwake (shamba la familia lenye nyumba), simu iko wazi, na akisikia king'ora anaacha jembe. Mwajiriwa hawezi kulipwa saa 940 tu. Lazima alipwe kukaa kituoni saa zote ambazo moto haupo. Kwa hiyo kipimo sahihi ni kiti kwenye gari, kijazwe saa 24 kwa siku 365.

Makisio ya kwanza nayo yana kosa la kawaida: zamu tatu kwa siku zinahitaji watu watatu kwa kila kiti ikiwa tu hakuna anayepumzika Jumapili, anayekwenda likizo wala anayeugua.

12 Februari 2024: Zamu ya saa 24 imekataliwa na sheria

Jedwali lililochukuliwa kama mfano lilitoka Marekani, ambako vikosi vingi hufanya zamu ya saa 24 kazini na 48 nyumbani. Ni mpango unaovutia: makundi matatu tu, wastani wa saa 56 kwa wiki. Kule sheria ya kazi ina kifungu maalumu cha zimamoto kinachoruhusu saa 212 katika siku 28 kabla ya kulipa ziada. Hapa hakuna kifungu hicho kwa mwajiri kama kikundi chetu.

Kinachotubana ni hiki: saa za kawaida 45 kwa wiki, kazi pamoja na ziada isizidi saa 12 kwa siku, ziada isizidi saa 50 katika mzunguko wa wiki nne, mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya zamu na zamu, na saa 24 mfululizo kila wiki. Zamu ya saa 24 inavunja masharti hayo mchana kweupe. Siku mbili za kupanga majina kwenye jedwali hilo zimepotea.

Anayenakili kazi hii asome sheria kabla ya kufungua jedwali. Mpangilio ukigundulika kuwa haramu baada ya kuajiri, ziada ya muda isiyolipwa inageuka deni.

26 Februari 2024: Zamu ya saa 12, na kizidisho halisi

Mpango uliokubalika: makundi manne, A hadi D. Kila kundi linafanya mchana mbili, usiku mbili, kisha siku nne nje. Mchana ni saa 12 asubuhi hadi 12 jioni, usiku ni kinyume chake. Sheria inaruhusu siku ya saa 12 bila kuhesabiwa ziada, ilimradi kuwe na makubaliano ya maandishi, siku zisizidi tano na saa zisizidi 45 kwa wiki. Makubaliano hayo yaambatishwe kwenye kila mkataba tangu siku ya kwanza.

Mzunguko ni wa siku nane, wiki ni ya siku saba, na hapo ndipo penye mtego. Ukifuata kalenda, nusu ya wiki zina zamu tatu (saa 36) na nusu zina zamu nne (saa 48). Wastani ni 42, chini ya 45, na jedwali la kwanza liliandika ziada sifuri. Lakini wiki ya saa 48 ina saa 3 za ziada hata kama wiki iliyofuata ni nyepesi. Wiki 26 nzito, toa mbili za likizo, zinabaki 24 × 3 = saa 72 za ziada kwa kila mtu kwa mwaka, kwa kiwango cha mara moja na nusu.

Saa ya chakula pia ilikuwa imekatwa kwa makosa. Mapumziko ya mlo hayalipwi, isipokuwa mtu anatakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi. Zimamoto aliye kituoni na sahani yake bado yuko tayari kwa kazi. Saa 12 zinalipwa 12.

Kizidisho cha kiti kimoja, yaani watu wangapi wanahitajika kukijaza mwaka mzima:

42 × 52 = saa 2,184
toa likizo ya siku 28, yaani wiki nne: 168
toa ugonjwa, zamu 3 (dhana yetu): 36
toa mafunzo nje ya zamu, zamu 3: 36
zinabaki 1,944

8,760 ÷ 1,944 = 4.51. Viti vinne vinataka watu 18: kumi na sita kwenye makundi, wawili wa kuziba mapengo. Mmoja wa hao wawili lazima awe dereva mwenye leseni ya gari zito anayejua pampu, kwa sababu dereva akikosekana gari haliondoki hata wengine watatu wakiwepo.

Tulijaribu pia njia ya mkato ya kugawanya kwa saa 45 moja kwa moja: 2,340 toa likizo, ugonjwa na mafunzo hubaki 2,088, kizidisho 4.20, watu 17. Kwa karatasi ni sawa. Kwa ratiba haiwezekani, kwa kuwa hakuna mzunguko wa saa 12 unaotoa 45 kamili kila wiki. Panga ratiba kwanza, kizidisho kitoke humo.

11 Machi 2024: Mishahara na vinavyoifuata

Sehemu hii imechukua muda mrefu kuliko zote.

Viwango vilivyotumika kama vigingi: Agizo la kima cha chini la 2022, lililokuwa likitumika wakati huo, lilitaja 150,000 kwa sekta zisizotajwa na 222,000 kwa kampuni kubwa za ulinzi; kima cha chini cha utumishi wa umma mwaka 2024 kilikuwa 370,000. Mtu anayeingia kwenye nyumba inayoungua asilipwe chini ya huo wa mwisho. Tumeweka: zimamoto 400,000, dereva wa pampu 480,000, kiongozi wa kundi 550,000.

Viongozi 4: 2,200,000
Madereva 5: 2,400,000
Zimamoto 9: 3,600,000
Jumla kwa mwezi 8,200,000. Kwa mwaka 98,400,000.

Sasa nyongeza. Saa moja hupatikana kwa kugawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa 45, yaani 195. Kundi zima la watu wanne hugharimu 9,385 kwa saa.

Usiku: sheria inaongeza asilimia 5 kwa kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Saa 10 × siku 365 × 9,385 × 0.05 = 1,713,000. Angalia kwamba zamu ya usiku ina saa 12 lakini zenye nyongeza ni 10. Jedwali letu la kwanza lilizilipa zote.

Sikukuu: zipo 17 na saa inayofanyiwa kazi inalipwa mara mbili. 17 × 24 × 9,385 = 3,829,000 juu ya mshahara.

Ziada ya muda: watu wote 18 kwa pamoja ni 42,051 kwa saa. × 72 × 1.5 = 4,542,000.

Jumla ya malipo ghafi: 108,484,000.

Juu yake, kwa viwango vya 2024, mwajiri anatoa NSSF asilimia 10, tozo ya kuendeleza ufundi stadi (SDL) asilimia 3.5 na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi asilimia 0.5. Jumla asilimia 14: 15,188,000. Kosa lililorekebishwa hapa: asilimia hizo zilikuwa zimepigwa kwenye mshahara wa msingi, bila ziada na sikukuu. Hutozwa kwenye malipo ghafi. Tofauti ni zaidi ya milioni 1.4.

Kiinua mgongo ndicho kinachosahauliwa na kila kikundi kinachoajiri kwa mara ya kwanza. Siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Hakilipwi leo, lakini kisipowekwa akiba kila mwaka, siku mtu wa miaka minane akipunguzwa kazi pesa itatoka kwenye dizeli. 8,200,000 ÷ 26 × 7 = 2,208,000 kwa mwaka.

Gharama ya watu: 125,880,000. Ni zaidi ya mara mbili ya makisio ya Januari.

Tahadhari moja kuhusu kusema mshahara hadharani. Kwenye kikao, 400,000 ilieleweka kuwa pesa ya mkononi. Siyo. Ikitolewa NSSF ya mfanyakazi 40,000, inayobaki inakatwa kodi ya mapato asilimia 8 kwa kiasi kinachozidi 270,000, yaani 7,200. Mkononi inafika 352,800. Ili mtu ashike 400,000 kamili, mshahara lazima uandikwe kama 457,000, ongezeko la asilimia 14 kwenye mstari wa zimamoto. Andikeni neno "kabla ya makato" kwenye kila karatasi inayosambazwa.

8 Aprili 2024: Maili za mraba zilizosomwa kama kilomita

Ili kujua watu wangapi wanatosha, tumeazima kipimo cha chama cha Marekani cha kuzuia moto, NFPA 1720, kinachoandikwa kwa ajili ya vikosi vya kujitolea. Kinasema: penye watu chini ya 500, wafike 6 ndani ya dakika 14, kati ya 500 na 1,000, wafike 10 ndani ya dakika 10, zaidi ya 1,000, wafike 15 ndani ya dakika 9.

Tulijiweka daraja la chini kabisa. Ni shamba, migomba na kahawa, nani ataita mjini? Hesabu ilienda wiki mbili na watu 6. Kisha ikaonekana kwamba kipimo ni kwa maili ya mraba, na takwimu zetu za Sensa ya 2022 zilikuwa kwa kilomita ya mraba. Maili moja ya mraba ni kilomita 2.59 za mraba. Mpaka wa 1,000 ni watu 386 kwa kilomita, na mpaka wa 500 ni watu 193.

Kata yetu imepita 386. Vihamba vimegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi nyumba zinatazamana, jiko la kuni la jirani liko hatua kumi kutoka ukuta wa mbao. Kwa kipimo hicho tunatakiwa watu 15, si 6. Kundi la mshahara la watu wanne haliwezi kufikisha 15 kwa namna yoyote. Mstari huu peke yake umebadilisha swali zima: hatuulizi tena gharama ya kubadilisha, tunauliza nini hasa kinabadilishwa.

29 Aprili 2024: Zoezi la watu wanne

Limefanyika zoezi la kundi la mfano: kiongozi, dereva, zimamoto wawili, nyumba ya kuigiza mita 45 kutoka barabarani. Kanuni ya usalama inataka wawili ndani na wawili nje walio tayari kuwatoa. Ndiyo sababu ya namba nne.

Kilichoshindikana ni maji. Mpira mmoja ukitoa lita 400 kwa dakika, tangi la lita 3,000 linakauka baada ya dakika saba na nusu. Kabla ya hapo lazima mtu awe ameshusha pampu ya kubebeka kwenye mfereji, ameweka chujio linaloelea ili lisifyonze tope, na amevuta mpira hadi kwenye gari. Ni kazi ya watu wawili kwa dakika sita hadi nane kwenye mteremko. Dereva haruhusiwi kuondoka kwenye pampu wakati watu wako ndani. Kiongozi akienda mfereji, nje hakuna wa kuokoa. Tangi liliisha, mpira ukalegea mikononi mwa watu walio ndani. Kwenye moto wa kweli mpira haulegei bila madhara.

Zoezi likarudiwa na wajitoleaji sita waliofika dakika ya tano kwa bodaboda na miguu. Maji ya mfereji yaliingia tangini dakika ya saba. Hakuna kilichobadilika ila idadi ya mikono.

Gharama ya zoezi: dizeli lita 30 kwa 96,000, chai na mihogo 44,000, mpira mmoja uliopasuka kwenye kiungio 185,000. Kiungio kilikuwa kimefungwa kwa waya badala ya kibano chake. Vyote 14 vimekaguliwa na vitatu kubadilishwa.

20 Mei 2024: Wajitoleaji nao wana gharama, na wana saa zao

Gharama ya kubadilisha ni tofauti kati ya hali mbili. Gari, dizeli, matengenezo, mipira na king'ora vipo katika hali zote, kwa hiyo vimetolewa pande zote mbili. Rasimu ya Machi ilikuwa imejumlisha dizeli ya mwaka mzima upande wa waajiriwa pekee, kana kwamba wajitoleaji wanasukuma gari kwa mikono.

Kinachotumika sasa kwa wajitoleaji 22:

Bima ya ajali, 40,000 kila mmoja: 880,000
Nauli za mazoezi mara mbili kwa mwezi, pamoja na chakula siku za tukio: 3,120,000
Muda wa maongezi, 2,000 kwa mwezi: 528,000
Mafunzo: 1,800,000
Jumla 6,328,000

Bima ya ajali isifutwe kwa kudhani Mfuko wa Fidia utamhudumia mjitoleaji. Mfuko ni wa wafanyakazi.

Vinavyoongezeka kwa waajiriwa 18, mbali na mishahara: seti 8 zaidi za mavazi kwa 3,000,000 kila moja, zikigawanywa kwa miaka 10 ya uhai wake, 2,400,000, sare 3,240,000, vipimo vya afya 1,080,000, vyumba vya kulala na choo, 16,000,000 kwa miaka 20, yaani 800,000, umeme, maji na gesi 3,000,000, ada ya mtunza hesabu 2,400,000. Jumla 12,920,000.

125,880,000 + 12,920,000 − 6,328,000 = 132,472,000 kwa mwaka. Kwa kaya ni 42,733.

Jambo la pili la mwezi huu ni muda. Kwa wiki mbili, ujumbe wa simu ulitumwa kwa saa za kubahatisha: "Upo?" Majibu yalikuwa mazuri mno, watu 17 kwa wastani. Ilipoangaliwa, wengine walijibu "nipo" wakiwa kwenye duka lao Moshi mjini. Swali likabadilishwa: "Dakika ngapi kufika kituoni?" na aliyezidi 10 hakuhesabiwa. Matokeo: usiku 15, mchana wa siku za kazi 6. Pengo la kikosi hiki liko mchana, Jumatatu hadi Jumamosi. Kulipa watu walale kituoni usiku, wakati majirani 15 wamelala dakika tisa kutoka hapo, ni kununua kitu ambacho tayari tunacho.

10 Juni 2024: Moto wa msitu

Kila aliyeishi upande huu anakumbuka Oktoba 2020, moto ulipoanza eneo la Whona kwenye njia ya kati ya Mandara na Horombo. Wanakijiji na wanafunzi wa Chuo cha Mweka walipanda na matawi, majembe na mapanga pamoja na askari wa hifadhi. Jedwali la mishahara halina safu ya siku kama hiyo, kwa hiyo tumeitengeneza.

Mfano: watu 40, saa 12 kwa siku, siku mbili. Saa 960.

Jaribio la kwanza lilitumia kikomo cha ziada: 18 × 50 = saa 900 kwa wiki nne, kwa hiyo haitoshi. Hiyo ilikuwa sababu isiyo sahihi. Sheria inaondoa kikomo hicho kwa dharura isiyoweza kufanywa ndani ya saa za kawaida (mlango huo usitumiwe kupanga zamu za kila siku, kwa zimamoto kila mwito ungeitwa dharura). Sababu sahihi ni nyepesi zaidi: 18 × 12 × 2 = saa 432 hata ukiita kila mtu na kuacha kituo kitupu. Zinakosekana 528, na hakuna fedha inayozileta, kwa kuwa watu hawapo.

Vilevile waajiriwa wasitegemewe "kujitolea" siku zao za mapumziko kwa mwajiri yuleyule. Marekani sheria inakataza wazi mtumishi wa taasisi ya umma kujitolea kazi ileile kwa taasisi ileile, na hapa saa hizo zitadaiwa kama ziada. Tukiajiri 18 kati ya 22, wajitoleaji wanaobaki ni wanne. Msaragambo wa moto utakuwa umevunjwa na sisi wenyewe.

1 Julai 2024: Chaguo tatu zilizopelekwa kwenye kikao

*A. Kubadilisha wote.* Watu 18, saa 24. 132,472,000 kwa mwaka. 42,733 kwa kaya. Haifikishi watu 15 kwenye moto wa nyumba.

*B. Dereva wa pampu tu, saa 24, wajitoleaji wote wabaki.* Kiti kimoja × 4.51 = watu 5. Mshahara 28,800,000, pamoja na usiku, sikukuu na ziada 31,583,000. NSSF na Mfuko wa Fidia 3,316,000. Kiinua mgongo 646,000. Sare, afya, umeme na hesabu 3,600,000. Jumla 39,145,000, kwa kaya 12,627. SDL haipo, kwa sababu tozo hiyo inaanzia waajiriwa 10.

*C. Kundi la wanne mchana tu, Jumatatu hadi Jumamosi, wajitoleaji usiku na Jumapili.* Makundi mawili, kila moja siku tatu za saa 12. Saa 36 × 52, toa likizo na ugonjwa, hubaki 1,692. Saa zinazohitajika ni 3,744 kwa kiti, kizidisho 2.21, watu 9. Hakuna usiku, hakuna ziada. Sikukuu ni 15 badala ya 17, kwani mwaka huu Siku ya Karume na Saba Saba zinaangukia Jumapili. Watu 57,878,000, mengine, pamoja na seti nne za mavazi, 6,960,000. Jumla 64,838,000; kwa kaya 20,915. Saa 9 za wiki zinazobaki kwenye mkataba wa kila mtu zimepangiwa mafunzo ya wajitoleaji na ukaguzi wa sehemu za kuchotea maji kwenye mifereji.

Kwa C, watu ni 9. Mpishi au mlinzi mmoja akiajiriwa, wanakuwa 10 na SDL ya asilimia 3.5 inadaiwa kwa mishahara yote: karibu 1,800,000 kwa mwaka, juu ya mshahara wake mwenyewe. Huduma hizo zipatikane kwa mkataba wa kazi na mtu anayejitegemea kweli, siyo kwa kumbadilishia jina mwajiriwa.

Pendekezo letu ni C. Linaziba pengo lililopimwa, na linaacha mikono 22 mahali ilipo.

5 Agosti 2024: Baada ya kikao

Kikao kimeomba kuona C mshahara ukipanda asilimia 10. Karibu kila kitu katika milioni 57.9 kinafuata mshahara, kwa hiyo ongezeko ni 5,790,000, au 1,867 kwa kaya. Wameomba pia tarehe ya kuanza. Jibu lilikuwa kwamba mishahara ya miezi sita, 28,900,000, iwe benki kabla ya mkataba wa kwanza kusainiwa, maana michango ya kaya huja baada ya mavuno ya kahawa na mshahara unadaiwa kila mwezi.

Kosa jipya limepatikana leo: kwenye C, mabadiliko ya saa 12 jioni yanaacha gari bila dereva aliyethibitishwa mpaka mjitoleaji afike. Wajitoleaji wenye leseni ya gari zito ni watatu tu, na mmoja ni dereva wa lori la mchanga anayelala safarini. Mafunzo ya madereva wengine wawili yameongezwa, 700,000 kwa wote, na ratiba ya nani anashika ufunguo usiku inabandikwa mlangoni kila Jumamosi. Jedwali limebadilishwa, jumla ya C kwa mwaka wa kwanza ni 65,538,000.